Uwanja wa McCoy Umebomolewa, Timu Ilihama Kitambo: Nani Alibaki na Bili?

Hebu jiweke hapa kidogo. Ni Jumamosi usiku, Aprili 18, 1981, na kesho yake ni Pasaka. Uko kwa uwanja wa zamani kwa mji mdogo unaitwa Pawtucket, huko Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Baridi inakata mpaka kwa mfupa. Umekuja kucheki besiboli, gemu ya masaa matatu hivi halafu urudi keja ulale. Saa sita usiku bado uko hapo. Saa tisa bado uko hapo. Wachezaji wameanza kuchoma magongo yaliyovunjika na mbao za benchi ndani ya pipa ndio wapate kuota moto. Mlianza mkiwa mashabiki 1,740. Saa kumi na dakika saba alfajiri, marefa wanapoambiwa wasimamishe hiyo kitu, mmebaki 19.

Hiyo ndiyo gemu ndefu zaidi kuwahi kuchezwa kwa besiboli ya kulipwa, na mpaka leo hakuna mtu ameifikia. Uwanja ulikuwa unaitwa McCoy. Natumia "ulikuwa" kwa sababu mwanzo wa 2025 mashine ziliingia, zikaanza kubomoa. Hakuna McCoy tena.

Najua unajiuliza, kwani besiboli inatuhusu na nini? Wengi wetu hata sheria zake hatuzijui. Lakini hii si stori ya besiboli sana. Ni stori ya doo. Ni stori ya vile timu inaweza kubeba jina la mji wako miaka na miaka, wewe na babako na gukako mkiishangilia, halafu siku moja mwenyewe anaamua mji wa jirani una ofa poa kuliko yenu. Anapaki, anaenda. Nyinyi mnabaki na simiti.

Wacha tuanze mwanzo.

Pawtucket ni mji wa watu kama elfu sabini na tano, umepakana na Providence. Ukiwa unafuatilia Boston Marathon venye vijana wetu hufanya mambo kila Aprili, basi Boston iko hapo juu tu, kama saa moja kwa gari. Zamani huo mji haukuwa mchezo. Mwaka 1790 jamaa anaitwa Samuel Slater aliwasha hapo mashine za kusokota pamba zikiendeshwa na nguvu za maji ya mto, na 1793 kiwanda cha Slater Mill kikajengwa. Wamarekani wenyewe husema mapinduzi yao ya viwanda yalianzia hapo. Shida ni kwamba viwanda vya pamba vilikuja kuhamia kusini, mahali wafanyakazi walikuwa wanalipwa kidogo. Kwa hivyo huu mji ulishazoea kuachwa kabla hata ya kuachwa na timu. Shika hiyo, tutairudia.

Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya, na serikali ya Roosevelt ilikuwa inamwaga pesa kwa miradi ya kazi mtaani ndio watu wapate riziki. Meya wa Pawtucket, Thomas McCoy, mwanasiasa mjanja wa ile ya kushika mji wote kwa kiganja, akaona hapo ndio pa kutegea. Akataka uwanja. Na akaamua kuujenga wapi? Kwa kinamasi. Eti Hammond Pond, bwawa la maji na tope. Stori za hapo zinasema malori yalikuwa yanaachwa jioni, asubuhi mnapata yamezama. Bili ikapanda mpaka dola milioni moja na ushee, ambazo wakati huo zilikuwa pesa za kushtua. Wapinzani wake wakaubatiza upuzi wa McCoy. Ulifunguliwa 1942. Meya akafariki 1945, na mwaka uliofuata uwanja ukapewa jina lake. Angalia venye siasa ilivyo: ule mradi uliokuwa aibu yake ukageuka kaburi lake la heshima.

Miaka mingi hapo katikati haikuwa na maneno. Timu zilikuja, zikakufa. Mwaka 1970 Boston Red Sox, moja ya timu kubwa zaidi Marekani, wakaweka pale timu yao ya vijana, na 1973 ikapandishwa daraja ikawa ngazi ya mwisho kabisa kabla ya ligi kuu. Ikaitwa Pawtucket Red Sox, lakini watu wa mtaa wakakata jina: PawSox. Ona hapo. Jina la mji liko ndani ya jina la timu. Hiyo "Paw" ndiyo itatuuma baadaye.

Hii mambo ya ngazi lazima uielewe. Kule besiboli haina kupanda na kushuka daraja kama mpira wetu. Timu ndogo ni shamba la timu kubwa. Red Sox wanakuletea wachezaji, wanawalipa, wakiiva wanachukuliwa. Wewe mwenye timu ndogo kazi yako ni uwanja, tiketi, soda na hotdogi. Hata ukichukua kombe, hupandi popote. Kwa hivyo shabiki wa timu ndogo hashangilii ubingwa. Anashangilia kuwa karibu. Anakaa mita chache kutoka kwa kijana ambaye mwaka ujao atakuwa kwa TV.

Na McCoy ilikuwa na kitu moja hakuna mahali pengine. Benchi za wachezaji zilikuwa chini ya viti vya mashabiki, yaani ukikaa safu ya mbele wachezaji wako chini ya miguu yako na hauwaoni. Watoto wangepataje sahihi? Wakaanza kuvua, kama samaki. Unachukua mtungi wa plastiki wa maziwa, unaukata tumbo, unaweka mpira na kalamu ndani, unafunga kamba, unateremsha polepole mpaka mbele ya benchi. Mchezaji akiwa na roho safi anachukua, anatia sahihi, anavuta kamba kidogo, unapandisha. Watoto wa vizazi kadhaa walikua wakifanya hiyo. Mwanzoni mchoraji wa ramani aliharibu, watoto wakatengeneza.

Sasa turudi kwa ile gemu. Besiboli haina droo na haina penalti. Mnacheza raundi tisa, mkiwa sare mnaongeza moja, mkiwa sare mnaongeza tena, mpaka mtu ashinde. PawSox na Rochester Red Wings walikuwa moja kwa moja baada ya tisa. Upepo ulikuwa unarudisha mipira ndani, kila mtu akigonga ya kwenda nje inakufa hewani. Raundi ya 21 Rochester wakapata moja, watu wakashukuru Mungu wanaenda nyumbani, halafu PawSox wakasawazisha! Aliyesawazisha ni Wade Boggs, na inasemekana hata wachezaji wenzake hawakujua wamkumbatie ama wamchape.

Ligi ilikuwa na sheria ya kuzuia raundi mpya kuanza baada ya saa saba kasoro dakika kumi usiku. Lakini kijitabu marefa walipewa mwaka huo kilikuwa kimeiacha hiyo sheria nje. Refa akasema kama haiko kwa karatasi, haiko. Ikabidi watu wapige simu kumtafuta rais wa ligi, na alipopatikana ndipo akaamuru mchezo usimame. Raundi 32 zilikuwa zimeisha, 2-2. Kuna stori ya mrushaji mmoja wa PawSox aliyefika nyumbani alfajiri, bibi akamfungia mlango: ati gemu gani hiyo inaisha saa kumi? Na gazeti la Jumapili lilikuwa limeshachapishwa bila matokeo, kwa hivyo jamaa hakuwa na ushahidi. Mabuda wenzangu, hiyo mnaijua.

Gemu ikamaliziwa Juni 23. Wakati huo wachezaji wa ligi kuu walikuwa kwa mgomo, hakukuwa na besiboli nyingine ya maana nchini, kwa hivyo waandishi wa Marekani nzima wakateremka Pawtucket. Watu 5,746 wakajaa. Ikachukua dakika 18 tu. Raundi ya 33, Dave Koza akagonga, Marty Barrett akakimbia nyumbani, 3-2, kwisha. Jumla masaa 8 na dakika 25. Boggs wa PawSox na Cal Ripken wa Rochester wote walikuja kuingia kwa ukumbi wa mashujaa wa besiboli. Koza mwenyewe hakuwahi kucheza hata gemu moja ya ligi kuu. Hiyo ndiyo besiboli ya chini: wengine wanatoka, wengine wanabaki kuwa watu wa hapo.

Wale mashabiki 19 walipewa pasi za kuingia bure. Waliganda, wakalipwa.

Sasa kuna mtu lazima nimtaje ndio uelewe kwa nini watu wa Pawtucket walilia. Mwaka 1977 timu ilikuwa imefilisika, uwanja umechakaa. Akatokea Ben Mondor, mzee aliyezaliwa Canada na kulelewa Rhode Island, aliyekuwa ametengeneza pesa yake kwa vitambaa. Mwaka huo wa kwanza walikuja watu kama elfu sabini msimu mzima. Mzee akasafisha, akafukuza fujo, akaweka tiketi bei ya chini kabisa ndio baba wa kiwandani alete watoto wanne bila kukopa. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 90 uwanja ukafanyiwa ukarabati wa dola milioni 16, ukawa unabeba watu kama elfu kumi. Mwaka 2005 msimu mmoja uliingiza watu 688,421. Mji wa watu elfu sabini na tano! Piga hesabu mwenyewe.

Mondor akafariki 2010. Na hapa ndipo stori inageuka.

Mwaka 2015 timu iliuzwa kwa kundi la matajiri, ndani yake wakili James Skeffington na Larry Lucchino, ambaye alikuwa bosi wa Red Sox wenyewe. Hawakungoja hata rangi ikauke. Wakasema McCoy imezeeka, tunataka kuhamia Providence, ploti nzuri kando ya mto, uwanja mpya wa dola milioni 85. Wangejenga kwa pesa yao, lakini serikali iwalipe kodi ya karibu milioni 120 kwa miaka 30. Yaani mimi nijenge nyumba, halafu wewe ndiye unilipe kodi wakati mimi ndiye nakaa ndani. Watu wakashtuka. Skeffington akafariki ghafla Mei mwaka huo huo, na kufikia Septemba mpango ukawa umekufa.

Wakarudi mezani na Pawtucket. Mwaka 2017 ripoti ikasema kurekebisha McCoy ni dola milioni 68, na kujenga mpya hapo hapo ni milioni 78. Sasa kama wewe ni mwenye timu, nani anataka kuukuu wakati kipya kimezidi milioni kumi tu? Ikapangwa uwanja mpya katikati ya mji, karibu na Slater Mill, milioni 83: timu ilete 45, jimbo 23, mji 15. Seneti ya jimbo ikapitisha Januari 2018. Spika wa bunge la chini, Nicholas Mattiello, akasema watu wake hawataki. Akabadilisha mswada ili jimbo lisibebe mzigo mambo yakienda kombo. Bila hiyo dhamana, mkopo ungekuwa ghali. Agosti 2018 timu ikatangaza: tunaenda Worcester, Massachusetts.

Worcester ni jiji la watu zaidi ya laki mbili, na wao walifungua pochi. Uwanja wao, Polar Park, umepewa jina la kampuni ya soda. Walianza wakikadiria kama milioni 100, ukamalizika karibu 160. Ulifunguliwa Mei 2021. Na PawSox ikaitwa WooSox. Herufi tatu tu zimetolewa, tatu zimewekwa, miaka hamsini imefutwa.

Mbaya zaidi, hata kwaheri hawakupata. Ilikuwa imepangwa 2020 iwe msimu wa mwisho, watu waage vizuri. Korona ikaja, msimu ukafutwa wote. Eneo la uwanja likawa la kupimia virusi, na kiangazi wakaweka meza juu ya nyasi watu wakawa wanakula chakula cha jioni pale mahali Boggs alikuwa anasimama. Gemu ya mwisho ilikuwa imeshachezwa 2019 bila wengi kujua ndiyo hiyo.

Mwaka huo huo wa korona, ligi kuu ilichukua usimamizi wa timu zote ndogo na kuzikata kutoka 160 hadi 120. Miji zaidi ya arobaini ilipoteza timu iliyokuwa na uhusiano na ligi kuu. Hapo ndipo unaona si mambo ya Pawtucket peke yake. Waliobaki waliambiwa viwanja vifikie viwango vipya, taa, vyumba vya kubadilisha nguo, kila kitu. Mwenye timu anageukia meya anasema: wamesema lazima, utalipa ama nihame? Na meya anajua kuna jiji lingine limeshikilia simu.

Kuna watu watakuambia Pawtucket walikuwa wajinga kukataa. Mimi naona walikuwa sawa. Wachumi wamechunguza hii biashara ya viwanja kwa miongo, na karibu wote wanakubaliana kwamba pesa ya umma huwa hairudi vile wanasiasa huahidi. Ile doo ungetumia kwa uwanja ungeitumia kwa mkahawa wa mtaa ama sinema, kwa hivyo inahama mfuko tu. Na Worcester, waliochukua timu, waliona mwenye timu akibadilika tena: mwisho wa 2023 ikatangazwa inauzwa kwa Diamond Baseball Holdings, kampuni ambayo imekusanya timu ndogo zaidi ya thelathini kama mtu anakusanya ploti. Lucchino akafariki Aprili 2024. Ile sura iliyokaa mezani na meya, ikaapa tuko pamoja, haiko tena. Mkataba uko.

Lakini usikimbilie kupigia Rhode Island makofi, kwa sababu hapa ndipo inachekesha. Jimbo lililokataa kulipa milioni 23 kwa besiboli likageuka likaweka milioni 27 kwa mpira wa miguu, hapo hapo Pawtucket, kando ya Mto Seekonk. Kwa vile walikopa kwa njia ya bei kali, ukiongeza riba walipa kodi watalipa karibu milioni 132 kwa miaka 30. Uwanja unaitwa Centreville Bank Stadium, viti 10,500, timu ni Rhode Island FC. Ulifunguliwa Mei 2025, gemu ya kwanza ikaisha 0-0, na hiyo ni sawa tu, mpira tunaujua. Timu yenyewe si mbaya: 2024, msimu wao wa kwanza wakichezea uwanja wa chuo, walifika fainali ya ligi yao, wakachapwa 3-0 na Colorado Springs. Lakini hesabu ni hesabu. Mji ule ule, mwaka ule ule, unabomoa uwanja mmoja upande huu na unafungua mwingine upande ule kwa mkopo.

Na pale McCoy ilikuwa? Wakazi walipiga kura 2022, wakakubali mkopo wa dola milioni 330 kujenga shule moja kubwa ya upili hapo, iunganishe Tolman na Shea ambazo majengo yao yamechoka. Hata waliotoa machozi kwa McCoy wengi walipiga kura ya ndiyo. Uwanja ule ulijengwa na pesa ya umma, kwa ardhi ya umma, na umma umeurudisha kwa watoto wake. Sioni mwenye timu angewahi kufanya hivyo na ploti ya Worcester.

Nikasema turudi kwa ile mambo ya kuachwa. Septemba 2025 Hasbro, ile kampuni ya Monopoly na Transformers, ambayo makao yake makuu yako Pawtucket kwa miaka mingi, ilitangaza inahamia Boston ifikapo mwisho wa 2026. Kwa hivyo pamba ilienda, timu ikaenda, sasa na wanasesere. Kinachobaki kwa bajeti ya mji ni shule inayojengwa na uwanja wa mpira ambao bili yake inaendelea mpaka miaka ya 2050. Cheki kama Rhode Island FC wataendelea kujaza viti mara tu ule upya utakapoisha. Na cheki siku mwenye timu atakapoanza kusema taa zimezeeka.